Sari haina kosa

Ndugu Mhariri,

Wakitajwa wanawake wa India, tunaoneshwa ile picha ya Septemba 2014: sari za rangi kali, maua kichwani, vicheko, chombo chao cha angani, Mangalyaan, kimefika sayari ya Mirihi. Eti mila na sayansi zimepatana! Sari haijawahi kumzuia mtu. Vijijini wanapandikiza mpunga nayo, pindo limechomekwa kiunoni.

Kasheshe huanza mama akitoka kazini. Ritu Karidhal, naibu mkurugenzi wa operesheni za safari hiyo, ana watoto wawili. Wahandisi wanaume, nani aliwauliza chakula cha jioni kapika nani? Na mahari, ambayo huko hutoka kwa bibi harusi, imepigwa marufuku tangu 1961. Lakini upande wa bwana harusi bado unadai pikipiki.

Msomaji wenu,
Tanga