Filamu na nyimbo ndizo zinafundisha dini sasa hivi, nani anazipitia?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo linanikosesha raha kila Kwaresima, na wachungaji na makatekista wa huku kwetu Dodoma nawaomba wasome mpaka mwisho. Mimi nafundisha darasa la kipaimara kwenye kanisa moja la Anglikana wilaya ya Chamwino, na kiukweli siku hizi anayewafundisha watoto wetu imani sio mimi, na mara nyingi wala sio Biblia, ni filamu wanazoangalia kwenye tivii na kwenye simu na nyimbo za injili zinazopigwa kuanzia kwenye basi mpaka msibani. Sisemi filamu ni dhambi wala sisemi watu waache kuimba. Ninachosema hivi vitu vimeshakuwa walimu, alafu hakuna mtu anayekaa kupitia vinafundisha nini.

Darasani huwa nawaambia wanafunzi wanisimulie mateso ya Bwana wetu kwa maneno yao bila kushika kitabu. Kijana mmoja akasimulia vizuri kabisa, Gethsemane, Petro kukana, Pilato, Simoni Mkirene, akafika kwa wale wahalifu wawili akasema yule aliyemtukana Yesu alikuja kunguru akamdonoa jicho pale pale msalabani. Wenzake wakaitikia, ndiyo mwalimu, alidonolewa. Nikawaambia haya fungueni Luka 23 mnioneshe huyo kunguru, wakatafuta, wakaenda Mathayo, wakaenda Marko, wakaenda Yohana, hayupo. Yule kijana akaniangalia akasema, "Lakini mwalimu, mimi nimemuona."

Na ni kweli amemuona, yumo kwenye filamu ya Mel Gibson ya mwaka 2004 inayohusu mateso, The Passion of the Christ, ambayo huku inazunguka kwenye flashi na simu za watu kila ikikaribia Pasaka. Humo humo utaona shetani anapita katikati ya watu amebeba mtoto wakati Yesu anachapwa, na utaona mke wa Pilato anampa Mariamu vitambaa na Mariamu anapiga magoti anafuta damu chini. Hilo la vitambaa halijatoka kwenye Injili yoyote, limetoka kwenye maono ya mtawa wa Ujerumani, Anne Catherine Emmerich, aliyefariki mwaka 1824. Mtengenezaji wa filamu ana uhuru wake na wapo waliolia machozi ya toba kwa filamu hiyo, siwezi kuwabeza. Ila mtoto wa miaka 14 wa Chamwino hana namna ya kujua hapa ni Luka na hapa ni Emmerich, kwake vyote ni Yesu.

Kuna mtu atasema mwalimu unakuza mambo, kunguru tu. Hapana, tuangalie huyo kunguru anafundisha nini. Kwenye Luka, Yesu ametundikwa na anaomba "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo", na yule aliyemtukana hatuambiwi alipata adhabu yoyote ya papo kwa papo, anakemewa na mwenzake basi, Yesu hamjibu kitu. Sasa weka kunguru hapo. Msalaba unageuka kuwa mahali ambapo ukimtukana mtu wa Mungu unatobolewa jicho sekunde hiyo hiyo. Hiyo ni imani nyingine jamani, na mtoto ataishika kuliko maneno yangu ya dakika arobaini kwasababu ameiona kwa macho yake.

Ukishaliona hilo utaanza kulisikia na kwenye nyimbo. Sikilizeni nyimbo nyingi zinazopigwa sasa hivi, sitaji mwimbaji wala wimbo maana shida sio mtu mmoja, habari yenyewe ni maadui zangu. Maadui wameaibika, walionicheka watanikoma, waliosema sitafika wanione nilipofika, jirani kapigwa na butwaa, na video inaonesha gari, nyumba ya ghorofa na suti. Mtu anaimba hivyo asubuhi anaosha vyombo, anaimba hivyo kwenye bodaboda, na anayemfikiria wakati anaimba sio shetani, ni wifi yake au mpangaji mwenzake. Kusamehe adui, kubeba msalaba, kutubu, habari ya Yesu mwenyewe alifanya nini, hayo unayatafuta kwenye beti zote huyapati. Zaburi nazo zinalia juu ya maadui, najua, Daudi alikuwa na maadui wa kweli wanaomwinda. Lakini Daudi huyo huyo ana Zaburi ya 51, ile anayotubu dhambi yake mwenyewe.

Sisi huku kwa Wagogo nyimbo tunazijua, tusidanganyane. Wamisionari wa CMS, lile shirika la Kianglikana la Uingereza, walipofika Mpwapwa miaka ya 1870 na baadae kusambaa, ngoma ilionekana ni mambo ya kipagani ikabaki nje ya mlango, lakini ilirudi, na leo ukienda kanisa la kijijini utakuta akina mama wamebana ngoma za muheme magotini wanapiga na kuimba Kigogo sauti zinapandana, na ndani ya ule wimbo mmoja mrefu Yusufu anauzwa na ndugu zake, anafungwa, anatoka, njaa inakuja, ndugu wanafika, anawasamehe na kulia nao. Bibi asiyejua kusoma hata herufi moja anakijua kitabu cha Mwanzo kwa ule wimbo. Huo ni ualimu kabisa, na kwenye zile kwaya kuna mzee au katekista anasikiliza mazoezi na akisikia mstari umekosea anasimamisha ngoma. Kwaya za mjini je? Wanaenda studio, maneno yameandikwa usiku ule ule, prodyuza anaweka biti, mchungaji anausikia wimbo kwa mara ya kwanza siku ya uzinduzi akiwa mgeni rasmi amekaa meza kuu.



Kinachonitisha zaidi ni filamu za wachawi. Tangu zile za Nigeria zilipojaa kwenye mabanda ya video, na za kwetu zikafuata mtindo, hadithi ni ile ile, kuna familia haifanikiwi, mtoto anaumwa au msichana haolewi, alafu inagundulika mchawi ni bibi mzaa baba, macho mekundu, shanga shingoni, anacheka usiku. Mchungaji anakuja na Biblia mkononi anapiga kelele moto, bibi anaanguka anatoa povu anakufa, familia inafurahi, wimbo wa shangwe, imeisha. Na juu ya kava imeandikwa filamu ya injili. Watu wanakaa sebuleni na wajukuu wanaangalia, na yule bibi wa nyumba hiyo amekaa pale pale kwenye mkeka anaangalia pia.

Sisi tunaishi mkoa ambao macho mekundu ya akina bibi yana sababu inayojulikana. Kongwa hapo jirani watafiti wamefanya kazi ya trakoma tangu miaka ya 1980, ule ugonjwa wa macho ambao inzi na nyuso zisizooshwa kwa shida ya maji vinausambaza, ukirudi rudi tangu utotoni kope linajikunja kwa ndani na nywele za kope zinakwaruza mboni kila mtu anapopepesa. Wanawake unawapata zaidi kwasababu wao ndio wanakaa na watoto wadogo. Ongeza na moshi wa kuni miaka sitini jikoni. Jicho litakuwa jekundu, lazima. Na wote tunajua Shinyanga, Geita, Mwanza na Tabora ni vikongwe wangapi wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho ya namna hiyo. Sasa mtu akiweka bibi wa macho mekundu kwenye filamu akamfanya mchawi, akaweka na jina la Yesu juu yake ili tushangilie akifa, amefanya jambo zito sana na kanisa likinyamaza linashiriki. Mimi mwanafunzi wangu mmoja aliacha kulala nyumba moja na bibi yake. Alikuwa hajafanyiwa kitu na bibi yule zaidi ya kupikiwa.

Sio kila filamu ni hivyo. Ile Filamu ya Yesu ya mwaka 1979 imeshika Injili ya Luka kwa karibu na imetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwemo. Ilikuwa inaletwa vijijini na gari, jenereta na shuka jeupe, na baada ya kuonyeshwa kulikuwa na mtu anasimama na kitabu anaongea na watu, wanauliza, wanajibiwa. Hapo kwenye kuuliza ndio pamekufa. Siku hizi kila mtu na simu yake, anaangalia peke yake chini ya shuka, hakuna wa kumuuliza. Hata ile picha ya Yesu wa macho ya bluu iliyotundikwa sebuleni kwa watu wengi, ukiichunguza unaweza kukuta ni Robert Powell, mwigizaji wa Kiingereza aliyecheza Yesu mwaka 1977, na watu wanaomba wameielekea.

Wengine watanijibu kwamba watu wanaokoka kwa nyimbo mwalimu, acha Roho afanye kazi. Nakubali wanaokoka. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo kule Algeria ya leo, Mwafrika mwenzetu, aliandika kwenye kitabu chake cha Maungamo kwamba alipookoka alilia akisikia kanisa linaimba, na hakutaka nyimbo ziondolewe, lakini akasema ikitokea ule uimbaji unamgusa kuliko kile kinachoimbwa anajiona ametenda dhambi. Huyo ni mtu wa miaka zaidi ya 1,600 iliyopita na hakuwa na spika wala YouTube. Na Paulo kwenye Wakorintho wa kwanza 14 anasema nitaimba kwa roho, tena nitaimba kwa akili pia. Hii akili ndio naiomba.

Serikali tusiisukumie. Bodi ya Filamu ipo kwa sheria ya mwaka 1976, inakagua maadili na umri wa watazamaji, sio kazi yake kutuambia kunguru hayumo kwenye Luka. Hiyo ni kazi yetu. Kwahiyo naomba, kwaya kabla ya kwenda studio zimpe katekista maneno ya wimbo ayasome na ayarudishe na kalamu nyekundu bila kuoneana haya. Parokia na sharika zinazoonyesha filamu siku ya Ijumaa Kuu ziache nusu saa ya kufungua Luka 23 na kusoma pamoja, taa zikiwa zimewashwa, watoto waulize hata kama ni usiku. Wazazi waangalie na watoto, sio kuwaachia simu.

Na wachungaji, hili la macho mekundu mlitamke madhabahuni kwa wazi, Jumapili, mkiwa mmevaa kanzu zenu. Semeni ni ugonjwa, kuna dawa ya azithromycin, kope likishajikunja kuna upasuaji, na anayemuita bibi yake mchawi kwa sababu ya macho aje atubu. Wajukuu wawapeleke bibi zao hospitali.

Ni mimi,
Mwalimu wa kipaimara,
Chamwino, Dodoma.