Kwa mdogo wangu aliyejifungua

Mdogo wangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Nilipokuja kukutazama juzi, siku ya kumi na mbili ya arubaini yako, uliniuliza kwa sauti ya chini, ili mama asisikie, iwapo ni kosa kulala na mtoto kitanda kimoja. Sikukujibu vizuri, kwani wageni walikuwa wengi na moshi wa ubani umetanda chumba kizima. Nakujibu hapa hadharani kwa kuwa wapo wazazi wengine hapa Lamu wanaoulizana hivyo hivyo.

Nianze na langu. Nilipomzaa wa kwanza, muuguzi mmoja alinionya nisithubutu kulala naye. Nikatii kupita kiasi: kila alipolia usiku niliondoka kitandani, nikaenda kumnyonyesha nimekaa kwenye kochi la ukumbini, ili usingizi usinichukue. Usiku wa saba ukanichukua. Niliposhtuliwa na adhana ya alfajiri, mtoto alikuwa ameteleza kutoka mkononi, uso wake umezama baina ya ubavu wangu na mto wa kochi. Alikuwa mzima, alhamdulillahi, lakini pua ilikuwa imebonyea na nywele zimelowa jasho. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kochi ni hatari kuliko kitanda, tena kwa mbali. Nilikuwa nimeruka maji nikakanyaga tope.

Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2022, wanashauri mtoto alale chumba kimoja na mama yake kwa angalau miezi 6 ya mwanzo, ila juu ya malazi yake mwenyewe. Sipingi: ndiyo salama zaidi, hasa katika miezi 4 ya kwanza. Lakini wao wenyewe wanakiri kwamba mama huweza kupitiwa na usingizi akinyonyesha, na kwamba hapo kitanda ni nafuu kuliko kochi. Basi kitayarishe kitanda mchana kana kwamba usingizi utakuchukua, maana utakuchukua. Na kila utakapozinduka, mrudishe kwenye kigodoro chake.

Hapo ndipo penye mashaka yangu juu ya chumba chako. Ulili ule wa bibi ni fahari ya nyumba, sikatai, lakini kamba zake zimelegea na godoro la sufi limefanya shimo katikati, kiasi kwamba kitu chepesi ukikiweka ukingoni hubingirika hadi ubavuni pako. Nilijaribu kwa chungwa ulipokwenda kuoga. Upande wa pili, kati ya kitanda na ukuta, pana mwanya unaoingia mkono wangu mzima, na chandarua ulichochomeka hakiuzibi, kinauficha tu. Mtoto anataka godoro gumu lililo sawa, mito na mablanketi yawe mbali naye, hata msimu huu wa kusi tunapoona baridi.

Mlaze chali. Mama atakwambia kwamba atapaliwa akicheua; mweleze kwa adabu kwamba mtoto akilala chali njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yanayorudi humezwa tena kwa urahisi. Uingereza mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994, zilianza kampeni za kuwalaza watoto chali, na vifo vyao vya ghafla usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu.

Shemeji anavuta sigara. Hata akivutia barazani, asilale kitanda kimoja na mtoto (hili mwambie wewe, mimi namwonea haya). Nawe usinywe dawa ya kifua inayoleta usingizi kisha ukamweka ubavuni. Mtoto angekuwa njiti, yaani amezaliwa kabla ya miezi kutimia, ningekukataza kabisa kulala naye.

Kesho asubuhi nitakutumia godoro langu, lile gumu, juu ya punda wa jirani. Litandike sakafuni mbali na ukuta, chandarua kining'inie kwenye boriti, na ulili waachie wageni waukalie.

Dada yako.