Risala kwa Mgeni Rasmi: Kanisa la St Bartholomew the Great, Smithfield, London

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wetu wa dini, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima, sisi wanakikundi wa Waswahili wapenda majengo ya kale tunakukaribisha katika hafla hii ya kufunga mwaka wetu wa masomo. Safari hii tulikubaliana tutulie na jengo moja tu, nalo ni kanisa la St Bartholomew the Great, lililoko Smithfield katika jiji hili la London tunamoishi. Tunaomba tukueleze tuliyojifunza, kisha tuwasilishe ombi letu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kanisa hilo lilianzishwa mwaka 1123 na Rahere, mmoja wa watu wa nyumba ya Mfalme Henry wa Kwanza. Simulizi iliyoandikwa na watawa wenyewe katika karne hiyohiyo inaeleza kwamba Rahere alikwenda Roma kuhiji, akaugua sana huko, akaweka nadhiri kwamba akirudi kwao salama atajenga hospitali ya maskini. Akiwa njiani kurejea, Mtakatifu Bartolomayo alimtokea katika maono na kumwagiza ajenge na kanisa pia. Mfalme akatoa kiwanja nje ya ukuta wa mji, mahali pa kinamasi, na hapo vikasimama vitu viwili kwa pamoja: hospitali, na nyumba ya watawa wa kanuni ya Mtakatifu Augustino, Rahere akiwa mkuu wao wa kwanza. Hospitali hiyo ingali inatibu wagonjwa hapohapo ilipoanzia.

Jengo lenyewe ni la mtindo wa Kiromaneski, ambao Waingereza huuita wa Kinormani kwa sababu ya wale waliotwaa nchi yao mwaka 1066. Anayeingia hukutana kwanza na nguzo za mviringo, nene na fupi, zilizopangwa pande mbili za sehemu ya kwaya na kuizunguka altare kwa nusu duara, huku nyuma yake ukipita ujia ambao waumini waliweza kuufuata bila kuwasumbua watawa waliokuwa katika sala. Juu ya nguzo hizo kuna matao ya nusu duara, na juu ya matao hayo kuna roshani ndefu, ambamo kila tao kubwa limebeba ndani yake matao manne madogo yaliyosimama juu ya vinguzo vyembamba. Unene huo wote una sababu yake. Tao la mawe husukuma pembeni muda wote, na mafundi wa zama zile waliuzuia msukumo huo kwa uzito wa kuta na nguzo.

Kuna jambo moja ambalo tungependa ulitazame kwa macho yako siku utakapofika. Katika makutano, pale mikono ya msalaba wa kanisa inapokatana, matao ya mashariki na magharibi ni ya nusu duara, lakini yale ya kaskazini na kusini yamechongoka kidogo kileleni. Makutano hayo si mraba kamili, kwa hiyo matao ya pande hizo mbili ni membamba zaidi. Tao la nusu duara halina hiari ya kimo: likiwa na upana wa mita 8, mpindo wake utapanda mita 4, basi. Fundi aliyetaka matao yote manne yafikie kimo kimoja alilazimika kuyachongoa yale membamba. Kwetu sisi, hilo ndilo somo kubwa kuliko yote ndani ya kanisa hilo, kwa sababu tao la kuchongoka, ambalo baadaye lilitawala makanisa ya Ulaya, hapa linaonekana likitumika kutatua tatizo la kawaida la fundi kazini.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ni sehemu tu ya kanisa la awali iliyobaki. Mwaka 1539, Mfalme Henry wa Nane alipokuwa akizifunga nyumba za watawa nchini kote, nyumba hii nayo ilifungwa, na ukumbi mrefu wa magharibi ukabomolewa. Mlango wa karne ya 13 unaotazama Smithfield, wenye nyumba ya mbao ya mwaka 1595 juu yake, ulikuwa mlango wa kanisa. Leo ukiupita unatembea uani, mahali palipokuwa na sakafu ya ukumbi huo. Hasara hiyo inatuuma. Sehemu ya kwaya ilinusurika kwa kuwa wakazi wa mtaa waliendelea kuitumia kama kanisa la parokia, na mchoraji William Hogarth alibatizwa humo mwaka 1697. Sehemu nyingine ziligeuzwa matumizi: upande wa kaskazini palifuliwa chuma, ua wa watawa ukawa zizi la farasi, na katika kikanisa cha Bikira Maria palikuwa na kiwanda cha uchapaji ambamo kijana Benjamin Franklin alifanya kazi mwaka 1725. Moto mkubwa wa 1666 haukulifikia kanisa. Mwishoni mwa karne ya 19 msanifu Aston Webb aliongoza ukarabati ulioirudishia kanisa sehemu hizo.

Kaburi la Rahere liko kando ya altare, upande wa kaskazini. Sanamu yake imelazwa chali, na pembeni yake watawa wawili wadogo wamepiga magoti wakisoma Biblia zilizofunuliwa kwenye Isaya 51, penye ahadi ya Mungu kuyafariji magofu ya Sayuni.

Ombi letu ni moja. Tumeandika kijitabu cha Kiswahili kinachomwongoza mgeni kutoka mlango wa Smithfield hadi kaburini, pamoja na michoro ya matao tuliyoieleza. Maandishi yako tayari. Kilichokosekana ni gharama za uchapaji. Tunakuomba utuunge mkono, nasi tunakualika uwe wa kwanza kukitumia, tukikutembeza wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.