Shukrani kwa mama muuguzi wa Kadutu, Bukavu

Mama, jina lako hatulitaji kwa kuwa ulikataa mwenyewe, lakini wema wako una mashahidi.

Kijana muuza viatu hapa Bukavu alikuwa akiongea na wateja huku amefunika mdomo. Anapiga mswaki mara tatu kwa siku, harufu haiondoki. Alipoona kitone cheupe kooni akakichokonoa kwa kijiti cha meno, damu ikatoka.

Alipokuja kwenye duka lako la dawa, ulimkalisha mlangoni penye mwanga, ukamulika koo kwa tochi ya simu, ukampa kioo ajionee: si usaha, ni kijiwe. Mafindofindo, yale manundu mawili ya nyama kooni, yana vishimo. Mabaki ya chakula, seli zilizokufa na bakteria hunasa humo na kugandamana hadi kuwa kijiwe kigumu. Bakteria hao ndio wanaotoa harufu ya yai viza, na mswaki haufiki huko.

Kisha ukakoroga nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu. Asukutue kichwa kikiwa nyuma, sekunde 30, ateme, arudie. Mara ya nne kikatoka, cha manjano, kama punje ya mtama. Kijiti ukamkataza kabisa, maana nyama ya pale ni laini na huvuja damu upesi. Ukamwambia: findo likivimba upande mmoja, homa ikipanda au kumeza kukiwa kugumu, aende kwa daktari.

Antibiotiki hukumuuzia. Hilo tunalishukuru zaidi. Nanyi wauza dawa wenzake mama huyu, mulikeni koo kwanza kabla ya kufungua kopo la vidonge.

Aksanti sana, mama.