Kabla hujafunga dampa ya injini

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nilipofika pale uliposema gari linakurusharusha ukiwa gia ya kwanza kwenye foleni, niliona kama unanisimulia gari langu mwenyewe. Ukigusa mafuta kidogo linaruka, ukiachia linajivuta, na kila unapoingiza gia ya pili kuna kishindo kizito kinachosikika chini ya miguu. Nimeishi na hali hiyo muda mrefu, naijua. Unaniuliza kama ununue dampa ya injini, ile shokapu ndogo ya kuzuia injini isiyumbe, uifunge mwenyewe. Nakujibu ndiyo, ifunge, ila usiifunge wiki hii. Kuna kitu cha kutazama kwanza. Mimi nilikiruka, na kiliniumiza.

Injini haikufungwa kwenye bodi chuma kwa chuma. Imekalishwa juu ya mauntini, yaani vishikizo vyenye mpira, ili mtetemo wake usifike kwenye kiti chako, na mpira huohuo ndio unaoiachia nafasi ya kucheza. Newton aliandika mwaka 1687 kwamba kila msukumo una msukumo wa kuujibu, sawa kwa ukubwa na kinyume kwa upande. Fungua boneti utaliona jambo hilo kwa macho yako: injini inaposokota magurudumu kwenda mbele, yenyewe inasokotwa kurudi nyuma. Kwenye gari kama lako, ambalo injini imelazwa kwa upana na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, kichwa cha injini kinainama kuelekea dashibodi unapokanyaga mafuta, kisha kinarudi kuelekea rejeta unapoachia.

Watu wengi hawajui mzigo huo ni mkubwa kiasi gani. Chukua injini ya kawaida yenye toki, yaani nguvu ya kusokota, ya Nm (nyutoni-mita) 150. Gia ya kwanza inaizidisha kama mara 3.5, difu inaizidisha tena kama mara 4, na kwenye magurudumu unapata Nm 2,100. Sasa, kwa kuwa giaboksi na difu vimeungana na injini vikawa mwili mmoja, mzigo wote huo unarudi kwenye mauntini zilezile. Ni kama umelishikilia nondo la mita 1 upande mmoja, na upande wa pili limening'inizwa mzigo wa zaidi ya kilo 210. Kwenye gari linalovuta kwa nyuma difu iko mbali na imefungwa peke yake, kwa hiyo mauntini za injini zinabeba kile tu kinachotoka kwenye giaboksi. Ndiyo sababu magari ya kuvuta mbele ndiyo yanayonufaika zaidi na kidude hiki.

Na kwa nini sisi wa manyuo, wa gia za mkono, tunateseka zaidi? Kwenye otomatiki yenye toki konveta, kati ya injini na giaboksi kuna mafuta yanayosukumana, na mshtuko unalainikia humo. Sisi tuna klachi. Ukiiachia ghafla, mzigo unafika ghafla. Injini inainama, mpira unabanwa, mpira unairudisha, inapitiliza pale ilipotakiwa kusimama, inarudi tena, kama gari lenye shokapu zilizokufa likipita kwenye tuta. Mguu wako nao unatikiswa na gari, kwa hiyo unakanyaga na kuachia mafuta bila kukusudia, na mruko mmoja unazaa mwingine. Kama gia zako zinaingizwa kwa fimbo na si kwa kebo, hata mkono wa gia unatembea pamoja na injini, na gia inakataa kuingia wakati injini bado inayumba.

Dampa ni shokapu ndogo tu. Ncha moja inashika injini, nyingine inashika bodi. Inapinga mwendo wa ghafla, lakini ukiisukuma polepole inakubali. Hapo ndipo inapotofautiana na kuweka mauntini ngumu za poliurethani. Hizo ngumu zinazuia injini isiyumbe, ni kweli, lakini zinaleta kila mtetemo ndani ya gari, na ukisimama kwenye taa usukani unakutetemekea mikononi. Mimi kwa gari la kila siku sizitaki. Kuna njia ya tatu, ya zamani: ile Mini ndogo ya Uingereza iliyotoka mwaka 1959, kazi ya Alec Issigonis, ilikuwa na kifimbo chenye raba kilichoshikilia kichwa cha injini kisiyumbe. Raba zake zikichoka, gari linatetemeka kila ukiachia klachi na bomba la moshi linapasuka. Kwa hiyo tatizo lako ni la kale, lina umri sawa na magari ya injini ya upana.

Sasa nikwambie kilichonipata. Niliinunua dampa nikaifunga siku hiyohiyo kwa furaha. Gari likatulia, gia zikaingia kwa ulaini ambao sikuwa nimeuzoea, nikaridhika kabisa. Miezi kadhaa baadaye nikasikia moshi ukivuma chini ya gari. Kulala chini kutazama, kile kipande chepesi cha bomba la moshi kinachojikunja, karibu na injini, kimechanika. Nikaangaza taa pembeni yake nikakuta mauntini ya chini, kile kichuma kifupi chenye raba ncha zote mbili, raba yake imekatika kabisa. Ilikuwa imekufa tangu mwanzo. Kule kurukaruka kwa gari ndiko kulikokuwa kunaniambia hivyo, na mimi nikalinyamazisha onyo hilo kwa dampa. Dampa ikaanza kubeba kazi isiyo yake: ilikuwa inapunguza kasi ya kuyumba, lakini haiwezi kuishikilia injini mahali pake. Kitu kisichopinga mwendo wa polepole hakiwezi kuwa mauntini. Nakuandikia haya yote kwa sababu sitaki yakukute.

Basi kwanza pima mauntini. Fungua boneti, mtu mmoja akae kwenye usukani, hendibreki juu, mguu kwenye breki. Mwingine asimame ubavuni. Nakusihi asisimame mbele wala nyuma ya gari, hata kwa sekunde. Dereva aingize gia ya kwanza, aachie klachi taratibu mpaka injini ianze kubeba, kisha aikanyage tena. Halafu arudie kwa rivasi. Injini itainama upande mmoja, kisha upande mwingine. Kuinama kidogo ni kawaida. Ikiruka, au ukisikia chuma kikigonga chuma, kuna mauntini iliyokwisha. Zima, chukua tochi, tazama mipira yote: nyufa, raba iliyoachana na chuma, na kama mauntini zako ni zile zenye maji ndani, tafuta alama za kuvuja. Ile ya chini itazame kuliko zote. Ukikuta mbovu, badilisha, kisha endesha wiki moja. Inawezekana kabisa usihitaji dampa tena, na nitafurahi kwa ajili yako.

Angalia na klachi pia. Kama gari linatetemeka mfululizo pale unapoanza kuondoka tu, na likishaondoka linatulia hata ukikanyaga na kuachia mafuta, mara nyingi ugonjwa uko kwenye sahani ya klachi au flaiwili (lile gurudumu zito la injini ambalo klachi inalibana), na dampa haitatibu hilo.

Ukishajiridhisha, twende kwenye kufunga. Bati la upande wa injini litashika boliti iliyopo tayari, mara nyingi ya mauntini ya juu au ya ile ndoano ya kunyanyulia injini. Usilifunge kwenye kifuniko cha vali. Boliti zake ni nyembamba, ziliwekwa kubana gasketi tu. Ukifungua boliti ya mauntini, kwanza weka jeki chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kipande cha ubao katikati, unyanyue mpaka uguse tu, kisha fungua boliti moja kwa wakati. Ukifungua zote, injini inashuka na hutaelewa kwa nini matundu hayakutani. Kila boliti ianze kwa vidole. Matundu mengi pale ni ya aluminiamu, na hesi yake, ile mikunjo ya kukazia boliti, ikiliwa utaikumbuka siku hiyo maisha yako yote. Malizia kwa spana ya toki, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako.

Upande wa bodi, tafuta chuma kinene: pale juu shokapu ya mbele inapofungwa, au boriti ya mbele. Bati jembamba litapinda na baadaye litapasuka. Kwa mbele, karibu na rejeta, kuwa mwangalifu, maana magari mengi yana sensa ya eabegi pale. Usiisogeze, wala usiazime boliti yake.

Mlalo wa dampa una maana kubwa. Injini inayumba mbele na nyuma, kwa hiyo nayo ilale mbele na nyuma, juu kabisa kadiri unavyoweza, mbali na kitovu cha kuyumba. Ukiilaza kwa pembe ya digrii 30 kutoka kwenye mwelekeo huo, inabaki na robo tatu ya kazi yake. Ukiilaza kwa digrii 60, inabaki robo moja tu, na hapo umebeba chuma cha bure. Nimeona zimefungwa hivyo kwa sababu tu boliti ilikuwa karibu. Ncha zote mbili ziwe na bolijointi (viungo vya mviringo vinavyogeuka kila upande), maana injini haiyumbi kwa mstari ulionyooka, na fimbo iliyobanwa pembeni inakula sili yake upesi.

Sasa sehemu ninayoomba uisome polepole. Injini ikiwa imezimwa na imekaa juu ya mauntini zake, jeki imetolewa, fimbo ya dampa iwe katikati ya safari yake. Ikiwa imeingia sana, injini ikiinama kuielekea itagota mwisho na kugonga bodi kama nyundo. Ikiwa imetoka sana, itagota upande wa pili injini ikiinama kwenda mbali nayo. Ivute mpaka mwisho, ipime, isukume mpaka mwisho, ipime, tafuta nusu yake uweke alama kwa kalamu. Kisha zungusha zile ncha mpaka matundu yakutane na boliti ipite kwa vidole bila kulazimishwa. Ukilazimika kuigonga au kuisukuma injini, urefu bado haujapatikana. Kaza nati za kufungia ukihakikisha hesi ya kutosha imebaki ndani, angalau mara moja na nusu ya unene wa fimbo. Kama dampa yenyewe ina gesi, ukiiachia itajitokeza yenyewe. Hiyo itaisukuma injini muda wote, kwa hiyo chagua isiyo na msukumo au yenye msukumo mdogo.

Kabla ya kufunga boneti, chukua udongo wa kuchezea watoto, weka vidonge juu ya dampa na juu ya mabati, ushushe boneti taratibu, uinue. Unene uliobaki ndio nafasi uliyonayo. Kumbuka injini nayo inapanda kidogo inapoinama, kwa hiyo kidonge kilichobanwa kuwa karatasi ni onyo. Tazama pia mabomba ya maji, ya kiyoyozi, nyaya, na joto la bomba la moshi. Sili ya dampa haipendi kukaa jirani na moto.

Ukimaliza, chora mstari wa rangi unaopita kwenye nati na bati lake. Baada ya siku chache za kuendesha, fungua boneti utazame: mstari ukikatika, nati imezunguka.

Usitegemee gari liwe na nguvu zaidi. Haliwi. Ukisimama, mtetemo unaweza kuongezeka kidogo, na kwangu unasikika zaidi asubuhi injini ikiwa baridi. Lakini kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili, kuondoka mlimani, kuachia na kukanyaga mafuta kwenye foleni, hapo utaona tofauti siku ya kwanza. Sasa naendesha na mauntini mpya pamoja na dampa ileile niliyoifunga kwa haraka, na kila nikiachia klachi nasikia injini ikiinama mara moja tu na kutulia.

Niandikie ulichokiona kwenye kipimo cha mauntini. Na kama zote ni nzima, pima umbali kutoka boliti ya injini hadi pale shokapu inapofungwa, injini ikiwa imezimwa, unitumie hesabu hiyo kwa milimita tuchague urefu pamoja. Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako