Daftari la kikoba limemshinda mke wangu, nami sijui niwaambie nini wenzake

Ndugu Mshauri,

Sijui umri wako, kwa hiyo shikamoo au marahaba, utachagua mwenyewe.

Mimi ni mzee mstaafu, naishi Isevya hapa Tabora mjini. Mke wangu, nimwite Mama Asha, ana miaka 66 na alifundisha hesabu shule ya msingi mpaka akastaafu. Kwa ajili ya hesabu zake hizo akina mama wa mtaani walimpa uweka hazina wa kikoba tangu kilipoanza, na sikuwahi kusikia lalamiko. Sasa wanakuja nyumbani, wanakaa, wanakunywa chai, kisha wanaondoka bila kusema kilichowaleta.

Nimelifungua daftari lake akiwa amelala. Kurasa za zamani zimenyooka: jina, hisa, mfuko wa jamii, mkopo, rejesho, mistari yote ya rula. Za mwaka huu zinatia huruma. Mama mmoja ameandikiwa rejesho lilelile mara tatu kwenye ukurasa mmoja, na mwingine aliyekopa mbele ya macho yangu hayumo kabisa. Pembeni kuna hesabu ya kujumlisha iliyoanzwa, ikafutwa, ikaanzwa tena mpaka karatasi ikatoboka. Sanduku lenyewe lina makufuli matatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, kwa hiyo za humo ziko salama. Tabu ni yale marejesho anayoletewa nyumbani katikati ya wiki. Juzi nimekuta noti zimefungwa kwenye kitambaa ndani ya ndoo ya mchele. Kumwuliza, akasema nimezificha mimi nimpelekee mwanamke wangu wa Kanyenye. Sina mwanamke Kanyenye. Kwa magoti haya hata kufika huko ni shughuli.

Kuna mengine. "Asha kapiga simu?" Namjibu. Tunakaa kidogo, anauliza upya kana kwamba sikujibu. Siku moja alitoka sokoni na bodaboda, akamwelekeza kijana ampeleke mtaa wa Cheyo, kwenye nyumba tuliyopanga kabla hatujajenga, akawa anawagombeza wapangaji wanafanya nini kwake. Lakini ya zamani anayo yote. Wanafunzi wake wa miaka ya themanini anawataja majina na dawati walilokalia, ndiyo maana nikisema anasahau watu wananiona mimi ndiye mwenye langu jambo.

Tulipokwenda kupima presha yake nilidokeza habari hii. Nikaambiwa ni uzee, tukapewa vidonge vya vitamini. Mkwe wetu, ambaye ni muuguzi, hakukubali. Anasema kusahau ulikoweka miwani ni uzee, ila kupotea njia unayoipita kila siku ni jambo la kuchunguzwa. Anataka tuanzie Kitete, hospitali ya mkoa, aangaliwe tezi la shingo, upungufu wa vitamini B12, sukari, kaswende, masikio, hata sonona, kwa kuwa hivyo vyote vinaweza kumchanganya mtu na vina tiba. Visipoonekana, ndipo wafikirie Alzaima, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole, au mishipa ya ubongo iliyoharibiwa na presha. Alzaima haina dawa ya kuiponya, zipo tu za kupunguza makali kwa muda. Akanieleza pia kwamba yule mgonjwa ambaye Mjerumani Alois Alzheimer aliwasimulia madaktari wenzake mwaka 1906 alikuwa mwanamke, na jambo la kwanza kuonekana kwake lilikuwa wivu kwa mumewe. Nilicheka, nikamwambia basi tuko wengi.

Shemeji yangu kutoka Sikonge yeye ana lake. Anasema dada yake amechezewa na mwanakikoba mwenye kijicho, na mganga wa kumtaja anamfahamu. Hilo linanitisha kuliko ugonjwa. Huku kwetu vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na mganga akishataja jina halifutiki tena. Sitaki mama wa watu atajwe. Na sitaki kesho kibao kimgeukie Mama Asha mwenyewe, maana siku hizi usiku anazunguka uani akiongea peke yake, na majirani wana macho.

Sasa, Mshauri, kikoba kinavunjwa Desemba wagawane. Nikinyamaza ataonekana mwizi. Nikisema, nitakuwa nimemvua nguo mbele ya wanawake wanaomwita Mwalimu, na yeye haoni kama ana tatizo lolote. Pengo naweza kuliziba kwa pensheni yangu. Nimewaza kumwendea mwenyekiti peke yake, ni mama mwenye kifua, tukubaliane daftari lihamie kwa katibu na isemwe ni kwa sababu ya macho ya Mwalimu. Uongo huo utashika? Au ndio utakaozidisha minong'ono?

Kitete nako hataki kusikia, anasema mgonjwa ni mimi. Nimefikiria kumwomba anisindikize kana kwamba napimwa mimi, na daktari awe ameshaambiwa na mkwe. Lakini mtu ambaye tayari ananishuku, akigundua, nitamweleza nini? Na Asha anataka kumchukua akakae naye Dar. Namkatalia, kwa sababu aliyepotea kati ya soko na Isevya sijui Mbagala atarudije nyumbani. Au ni ubinafsi wangu wa kuogopa kubaki peke yangu? Wewe unaonaje?

Jibu nilipate kabla akina mama hawajakaa kikao cha kuvunja.

Baba Asha,
Tabora