Mishumaa peke yake haileti hofu mezani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie makala mliyoitoa kuhusu michezo ya uhusika mezani. Kwa msomaji asiyeijua, ni michezo ambayo watu wanne watano huketi pamoja, kila mmoja na mhusika wake aliyemwandika kwenye karatasi, na mmoja wao, mwendeshaji, husimulia dunia inayowazunguka wahusika hao na kuwasemea watu wengine wote waliomo. Wewe unasema mhusika wako anafanya nini. Pakiwa na shaka, dadu zinaamua.

Mwandishi wa makala alishauri kwamba tukitaka kikao cha kutisha tupunguze taa, tuwashe mishumaa, tuweke muziki wa taratibu na simu zote tuzitie kwenye kikapu. Sina ugomvi na mishumaa, na la simu namuunga mkono kabisa. Lakini nimecheza michezo hii miaka 16, nusu ya muda huo nikiwa mwendeshaji, na naona ushauri ule umeanzia mwisho. Hofu, huzuni, mapenzi, chochote unachotaka kijae chumbani, hakiji kwa kiberiti. Huja pale mchezaji mmoja anapokubali mhusika wake aumie.

Nina kikao kimoja ambacho sijakisahau. Tulikuwa watano. Kisa kilihusu kijiji kilichohamwa baada ya bwawa kupasuka, na kengele iliyokuwa ikilia usiku ingawa mnara wake ulikwishaanguka. Mwendeshaji wetu alikuwa amejiandaa kwelikweli: mishumaa saba, sauti ya mvua kwenye spika, hata ramani aliyoiunguza pembe ionekane ya kale. Kwa saa mbili hatukuogopa kitu. Kila mlango tuliusukuma kwa mti mrefu huku tumesimama mbali. Kila tuliyekutana naye tulimhoji kama mtuhumiwa. Mimi nilikuwa mvushaji wa mtumbwi, na katika saa mbili hizo mvushaji wangu alisema sentensi nne, tatu kati yake zikiwa za kuulizia njia ya kutokea.

Ndipo tukamkuta mtoto amejibanza kwenye chumba cha chini, gizani. Akauliza nani alikuwa zamu kwenye lango la bwawa usiku ule. Nadhani mwendeshaji alilitoa swali lile kama kidokezo, akitegemea tutaanza kutafuta daftari la zamu. Mezani palikuwa na dada mmoja mkimya, aliyecheza askari mstaafu ambaye tangu kampeni, yaani mfululizo wa vikao vya kisa kimoja, ianze hakuwahi kushusha ngao yake hata mara moja. Dada yule akaigeuza karatasi ya mhusika wake, akailaza kifudifudi. Kisha akasema, kwa sauti ya askari, "Ni mimi. Nilikunywa, nikalala."

Hakuna aliyelijua hilo. Halikuwa limeandikwa popote, wala yeye mwenyewe hakuwa amelijua nusu dakika kabla. Mwendeshaji hakurusha dadu wala hakumrukia. Aliuliza jambo moja tu: "Mikono yako iko wapi?"

"Nimeishusha. Ngao iko sakafuni."

"Mtoto anasogea hatua moja."

Nilimsikia aliyeketi karibu yangu akimeza mate. Sauti ya mvua ilikuwa imekwisha kitambo na mishumaa miwili imezimika, na hakuna aliyenyanyuka kuiwasha. Nami nikajikuta mvushaji wangu anafungua kinywa kukiri kwamba usiku ule ule alilipwa kuwavusha matajiri wa kijiji na kuwaacha wengine wakipiga kelele ukingoni. Sikuwa nimepanga. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo: mmoja alipojitoa, wengine tukaona aibu kubaki nyuma ya ngao zetu.

Kwa nini basi wachezaji wengi hawajitoi? Wengine husema ni uoga, mimi naona ni mazoea yenye historia. Dungeons & Dragons, mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa kwa biashara, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, nao ulizaliwa kutokana na michezo ya vita ya kupanga sanamu ndogo mezani. Katika vita vya sanamu, unachotaka ni kimoja: kipande chako kisiondolewe. Orodha ya vifaa ya toleo lile la kwanza ilikuwa na mti wa futi 10, na wachezaji hawakuchelewa kuona kwamba mti kama huo unafaa kudokolea sakafu kabla ya kukanyaga. Katika baadhi ya matoleo yaliyofuata, mchawi wa ngazi ya kwanza alipata pointi zake za uhai kwa kurusha dadu moja ya pande 4. Akitokea na pointi 2, panya mkubwa anatosha kumuua. Mtu aliyefundishwa kucheza hivyo hujifunza tahadhari, na hakukosea kujifunza. Ila tahadhari ile ile ikiingia kwenye kisa cha majonzi au cha kutisha, inakiua.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo iko kwetu sisi waendeshaji. Zamani, kwenye meza ya kwanza niliyodumu nayo, nilimwandika mhusika mwenye mdogo wake wa kike. Nilimpenda yule mdogo wa kubuni. Nilimpa kikohozi, nikampa tabia ya kuhesabu ngazi kila anapopanda. Kwenye kikao cha tatu mwendeshaji alimteka, na cha nne akamuua nje ya macho yetu, kwa sentensi moja, ili tu mhusika wangu apate hasira za kumfuata adui. Wenzangu wakacheka. Tangu siku ile, kwa miaka mingi, kila mhusika niliyemleta mezani alikuwa yatima. Hana ndugu, hana kwao, hana rafiki, halali usingizi mzito. Baadaye nilipoanza kuendesha mimi mwenyewe nikawaona wenzangu wengi wakileta mayatima wale wale, nikajua hawakuzaliwa hivyo. Kila jamaa unayemwandika ni kamba unayompa mwendeshaji, na aliyewahi kuvutwa kwa kamba hiyo bila huruma haitoi tena.

Kwa hiyo namsihi kila mwendeshaji: mchezaji akikuonyesha udhaifu wa mhusika wake, usiufanye shabaha. Ufanye mlango. Simaanishi usimtese. Mateso ni sehemu ya kisa, na mchezaji aliyekupa jeraha anataka liguswe. Namaanisha uliguse taratibu, umwachie yeye nafasi ya kujibu, na gharama anayoilipa imnunulie kitu mle kisani: siri, mtu, njia ambayo wenye tahadhari wasingeipata. Yule mtoto wa chumba cha chini aliposogea hatua moja, askari alikuwa amelipwa.

Dadu nazo zina usemi hapa, maana kanuni za mchezo zinaweza kumfunza mtu kujificha au kujitoa. Ukirusha dadu moja ya pande 20, kila namba ina nafasi sawa, asilimia 5, na mara nyingi jibu ni umeweza au umeshindwa. Mchezaji anayeogopa atasubiri mpaka awe na kila nyongeza, namba za kuongezea kwenye dadu, ndipo arushe. Apocalypse World, mchezo wa Vincent Baker na Meguey Baker wa mwaka 2010, unatumia dadu mbili za pande 6. Ukipata 10 au zaidi umefanikiwa, 6 au pungufu mambo yanaharibika, na 7 hadi 9 unapata ulichotaka ila kwa bei. Katika njia 36 ambazo dadu mbili zinaweza kuangukia, 15 zinaangukia kwenye eneo hilo la katikati. Yaani kabla ya nyongeza yoyote, zaidi ya mara mbili katika kila tano utafanikiwa na utaumia kwa pamoja. Nimeona watu wakibadilika ndani ya kikao kimoja kwa kanuni hiyo tu, kwa sababu wanazoea kwamba kuumia hakumaanishi kushindwa.

Kuna michezo iliyokwenda mbali zaidi. Dread hauna dadu kabisa. Katikati ya meza kuna mnara wa vipande vya mbao, na mhusika akitaka kufanya jambo gumu mchezaji anachomoa kipande kwa mkono wake. Mnara ukianguka, aliyeuangusha mhusika wake ametoka kisani. Hapo mkono wenyewe unatetemeka, huhitaji spika. Ten Candles, wa Stephen Dewey, unawaambia wachezaji tangu mwanzo kwamba wahusika wote watakufa kabla mshumaa wa kumi haujazimika. Ajabu ni kwamba kauli hiyo inawafungua watu badala ya kuwafunga. Ukishajua huokoki, unaacha kulinda pointi zako na unaanza kujiuliza huyu mtu wako atakufa akiwa nani, na atamwambia nani nini kabla giza halijafika. Ukitaka mishumaa, Mhariri, ile ndiyo mishumaa inayofanya kazi, kwa sababu kila mmoja ukizimika, mwisho wa wahusika unakaribia.

Nisieleweke vibaya. Kuna mchezaji anayempiga mfalme kofi katikati ya baraza, kisha wenzake wakifungwa gerezani anasema, "Mhusika wangu ndivyo alivyo." Huyo hakuhatarisha chochote chake. Wenzake ndio waliolipa. Kipimo changu ni rahisi: nani anaumia kwanza? Akiwa ni mhusika wako, katika kitu anachokithamini, endelea. Wakiwa ni wa wengine ambao hawakuulizwa, simama uwaulize.

Na kuuliza huko hakuvunji utamu wa kisa, ingawa nimesikia wakongwe wakilalamika. Meza nyingi siku hizi huweka kadi yenye alama ya X katikati, wazo la John Stavropoulos; mtu akiigusa, jambo lililotajwa linaondolewa na hadai mtu maelezo. Nilikuwa na wasiwasi nayo mwanzoni. Sasa siendeshi kisa cha kutisha bila hiyo. Yule dada mkimya aliniambia baadaye kwamba asingethubutu kutamka neno la ulevi mezani kama asingejua kwamba likimzidi anaweza kuliondoa kwa kidole kimoja. Mpanda mnazi mwenye kamba miguuni hupanda juu zaidi ya asiye nayo.

Nimalizie kwa ninavyofanya mimi, labda kuna mwendeshaji mgeni atakayefaidika. Dakika za mwanzo nawaacha watu wapige soga, maana maneno ya siku nzima yasipotoka kabla ya kisa yatatoka katikati yake. Kisha nampa kila mtu kijikaratasi aandike kitu kimoja ambacho mhusika wake anaogopa kukipoteza usiku huo, kitu chenye jina, si "uhai." Mmoja aliwahi kuandika "heshima ya mwanangu," mwingine "jicho la kushoto." Wanakiweka chini ya dadu zao, wakitaka wanionyeshe, wasipotaka basi. Nikielezea mahali natoa mambo mawili, moja likiwa la pua au la ngozi, kisha nanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonichukua muda mrefu zaidi kujifunza. Mwendeshaji akijaza kila pengo kwa maneno yake, mchezaji anabaki mtazamaji. Mtu akicheka mahali pa kutisha simkemei, kwa kuwa mara nyingi ndiye aliyeogopa kuliko wote; nampa sekunde chache, kisha namuuliza kwa sauti ya chini mhusika wake anatazama wapi.

Wiki moja baada ya kikao cha kengele tulikutana tena. Dada yule alikuwa ameufuta mstari wa ngao kwenye karatasi yake mpaka karatasi ikakwaruzika, na hakuwa ameandika kitu badala yake. Kabla hatujaanza akamgeukia mvushaji wangu, si mimi, akamuuliza wale aliowaacha ukingoni usiku ule alikuwa anawajua. Nilikaa kimya kidogo. Nikamjibu kwamba mmoja alikuwa mdogo wake wa kike, na kwamba alizoea kuhesabu ngazi kila anapopanda.

Msomaji wako wa siku nyingi